Sahihi ya Pembeni

Mlinzi wa mlangoni aliniuliza nimekuja kwa nani, nami nikakosa la kumjibu mtu mzima aliyevaa sare. Niliyemfuata katika jengo lile la Stamford Street, kusini mwa mto Thames, ni mhariri mwenye ngozi ya kijani aliyetoka kwenye nyota ya Betelgeuse. Chombo chake cha angani kilitua London kikasimama wima, na wenyeji wasiojua wakadhani ni ghorofa la ofisi. Nikamwambia mlinzi napiga picha tu. Akanijibu kwa adabu kwamba picha hutoka vizuri zaidi mtu akisimama ng'ambo ya barabara.

"Baba," binti yangu akasema tulipovuka, "wenzako wakija huku huomba kupelekwa Big Ben."

Yeye ni muuguzi huko Reading, na asubuhi hiyo alikuwa ametoka zamu ya usiku. Alikuwa na haki ya kununa.

Siku hizi jengo lile huitwa South Bank Tower. Humo wanaishi wenye nazo, na juu ya ghorofa zake 30 za awali zimepachikwa nyingine 11. Zamani liliitwa King's Reach Tower, makao ya IPC, kampuni iliyotoa majarida ya akina mama, ya muziki, ya bustani, na pia majarida ya vibonzo ya watoto, kila wiki bila kukosa. Moja lilikuwa 2000 AD. Toleo lake la kwanza lilibeba tarehe 26 Februari 1977, bei peni 8 za "pesa za dunia", na zawadi ya kisahani cha plastiki cha kurusha. Toleo la pili likamleta Judge Dredd, ambaye ni polisi, hakimu na mnyongaji kwa pamoja, na ambaye hadi leo hajavua kofia yake ya chuma wasomaji wakamwona uso. Mhariri, kwa mujibu wa jarida lenyewe, alikuwa huyo wa kijani, Tharg. Watoto walimwandikia yeye, na majibu yalitoka kwake, yamejaa majigambo na maneno ya lugha ya huko nyotani. Nyuma ya Tharg walikuwapo vijana wa kawaida wenye mashine za taipu na tarehe ya kupeleka kurasa kiwandani.

Mmoja wa vijana hao, Steve MacManus, aliingia IPC mwaka 1973 akiwa mhariri msaidizi wa jarida la Valiant, akashika uhariri wa 2000 AD mwaka 1979 na kukaa nao kwa sehemu kubwa ya miaka ya themanini. Mwaka 2016 alitoa kumbukumbu zake, The Mighty One. Kitabu hicho kilikaa kwenye mkoba wangu safari nzima. Mimi nami niliwahi kuhariri jarida la katuni, Dar es Salaam, miaka ya tisini, katika chumba kimoja Kariakoo juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Halikuishi muda mrefu, na jina lake silitaji kwa sababu baadhi ya wanaotudai bado wako hai. Kwa hiyo vitabu vya waandishi wakubwa navisoma kwa heshima, lakini kitabu cha mhariri nakisoma kama fundi anayesikiliza injini ya gari la mwenzake.

Injini yenyewe ilikwenda hivi. Mwandishi alitaipu hadithi picha kwa picha. Mhariri msaidizi akapunguza maneno, maana mtoto wa miaka kumi hana subira na sentensi. Hati ikapelekwa kwa mchoraji, ambaye mara nyingi hakuwa Mwingereza wala hakuishi Uingereza. Alikuwa Hispania, Italia au Argentina, analipwa kupitia wakala, anachora mitaa asiyowahi kuikanyaga. Carlos Ezquerra, aliyembunia Dredd sura na mavazi, alizaliwa Zaragoza. Ubao uliporudi London, fundi wa herufi aliandika maneno kwa mkono, viputo vikakatwa na kubandikwa kwa gundi. Kisha dawati la sanaa likarekebisha: pua iliyokaa upande, damu iliyozidi, bunduki iliyoelekezwa pasipofaa. Kazi hiyo ilifanywa kwa wino na rangi nyeupe. Hiyo rangi nyeupe nitairudia, maana ndiyo iliyonitoa usingizi.

Ndani ya jarida palikuwa na kuponi. Mtoto alitaja hadithi tatu zilizomkolea, akaikata, akanunua stempu. Ofisini kura zilihesabiwa, na hadithi iliyoshika mkia ikaanza kutafutiwa mwisho. Sisi Kariakoo kura yetu ilikuwa muuza magazeti wa kituo cha mabasi. Akirudisha bando halijafunguliwa, tumeshajua.

Jarida zima likishuka mauzo, palikuwa na utaratibu ambao wenyewe Waingereza huutaja kwa utani, na kwa Kiswahili unakaa vizuri zaidi: zaa, oza, zika. Unalizaa jarida kwa zawadi na kelele. Likidhoofu, unaliozesha kwa lenye nguvu, na majina yote mawili yanakaa jaladani kama kwenye kadi ya arusi. Baada ya miezi, jina la bibi arusi linapungua herufi, linasogezwa pembeni, na wiki moja halipo. Valiant iliolewa na Battle mwaka 1976. Starlord ikaolewa na 2000 AD mwaka 1978, na mwaka uliofuata ikaja Tornado, ndoa ya mitara kabisa. Wasomaji hawakuwahi kuambiwa kwamba kuna msiba. Walifungua jarida wakakuta ukurasa wa shangwe uliowatangazia habari njema. Nimekutana na mzee mmoja wa Kiingereza ambaye hadi leo akisikia mtu anaahidi habari njema, huuliza nani kafa.

Action nayo haikupewa hata ndoa kwa amani. Ilizaliwa Februari 1976, kazi ya Pat Mills, mtu yuleyule aliyeibuni 2000 AD mwaka uliofuata. Ilikuwa na papa mla watu, wahuni wa mpira, na vijana wanaotawala mji usio na watu wazima. Watoto waliigombania. Magazeti ya watu wazima yakaishambulia, mkuu wa kitengo akaitwa kwenye televisheni kujieleza, na mwezi Oktoba toleo lililokwisha kuchapwa likasagwa lisiende madukani. Iliporudi Desemba ilikuwa imeng'olewa meno. MacManus alikuwamo, na cheo chake kilinichekesha sana: yeye ndiye aliyekuwa "Action Man", kijana wa ofisini aliyetumwa kufanya mambo ya hatari ili aandike wasomaji wasome. Pale Kariakoo kazi ya hatari zaidi ilikuwa kwenda kwa mchapaji bila pesa, na niliifanya mwenyewe.

Siku ya pili nilikwenda Makumbusho ya Katuni, Wells Street. Ni mazuri, ni madogo, nilipita upesi. Nilikuwa na miadi na mzee aliyekuwa fundi wa herufi, rafiki wa mwalimu mmoja anayefanya kazi na binti yangu katika kamati ya mtaa wao. Alinipokea nyumbani kwake, akanitilia chai yenye maziwa machache mno, akaleta bahasha kubwa ya kadibodi. Ndani mlikuwa na kurasa tatu za asili, mbao za karatasi nene, kubwa kuliko ukurasa uliochapwa, gundi imegeuka rangi ya chai ile ile. Kampuni zilizihesabu kurasa hizo kuwa mali yao na hazikuwarudishia wachoraji. Nyingi zilipotea. Hizi tatu alizikuta, kwa maneno yake, njiani kuelekea pipa.

"Zigeuze kwenye mwanga," akasema.

Nikausogeza ukurasa dirishani, nikauinamisha. Katika pembe ya chini kulia, juu ya weusi wa kivuli, palikuwa na baka jeupe, nene, lililopasuka pasuka kama chokaa ya ukuta. Chini yake mkwaruzo wa kalamu ulionekana bado. Mchoraji alikuwa ametia sahihi. Mtu wa ofisini akaifunika.

Ndivyo ilivyokuwa desturi. Mtoto wa Uingereza aliyesoma majarida matatu kila wiki kwa miaka kumi kwa kawaida hakujua jina la mtu hata mmoja aliyeyatengeneza. Kampuni ziliogopa mambo mawili. Mpinzani akijua nani anachora vizuri, atamchukua. Na mchoraji akijulikana kwa jina, ataanza kuuliza hesabu yake. Hofu ya pili haikuwa ya bure. Leo Baxendale, aliyembuni Minnie the Minx mwaka 1953 na watoto watukutu wa Bash Street mwaka uliofuata, alikuja kuwashitaki wenye jarida la Beano akidai haki ya alivyobuni. Shauri lilichukua miaka, likaisha kwa mapatano nje ya mahakama mwaka 1987.

Mlango ulifunguliwa na kijana wa dawati la sanaa la 2000 AD, Kevin O'Neill. Mwaka 1977 alianza kuweka ndani ya hadithi kijikadi chenye majina: mwandishi, mchoraji, fundi wa herufi. Kwa kuwa ofisi ilikuwa ya Tharg, na Tharg hafanyi kazi na binadamu, wote waliandikwa roboti. Roboti mwandishi, roboti mchoraji, roboti wa herufi. Nimelifikiria sana jambo hilo. Watu walipata majina yao kwa sharti la kuitwa mashine, na walifurahi, na mimi ningefurahi.

Kilichofuata kilithibitisha hofu ya kwanza ya matajiri. Wamarekani walisoma vile vijikadi. Katika miaka ya themanini Brian Bolland, Dave Gibbons, Alan Moore na wengine wakaitwa ng'ambo, na Gibbons na Moore wakaanza kutoa Watchmen mwaka 1986. MacManus alikuwa kwenye kiti cha mhariri akiwatazama wakiondoka. Hapo ndipo nilipokifunga kitabu kwenye gari moshi la kurudi Reading, nikatazama nje, ingawa nje palikuwa na giza.

Kwetu mchoraji hafichwi, huo ndio uzuri wake. Christian Gregory alijulikana nchi nzima kwa Chakubanga wake ndani ya gazeti la Uhuru. Edward Gitau alijulikana kwa Juha Kalulu wa Taifa Leo. Hata Terry Hirst, Mwingereza wa Brighton aliyehamia Kenya mwaka 1965 na kuanzisha jarida la Joe pamoja na Hilary Ng'weno mwaka 1973, alikuwa akitia sahihi yake Nairobi wakati wenzake waliobaki kwao wanapakwa chokaa. Mchoraji wa Dar haishii kwenye sahihi. Huongeza S.L.P., siku hizi namba ya simu, na akipata nafasi, hutaja kuwa anaandika pia mabango na kuchora picha za arusi.

Na mimi niliifuta. Nasema hapa kwa sababu ukurasa ule wa London ulinikuta nimeushika kwa mikono miwili. Tulikuwa na mchoraji mmoja, mtu mzima kuliko mimi, mtu wa Muheza, aliyekuwa na mstari mwembamba kama uzi wa mkonge. Barua zilianza kumfikia kwenye sanduku lake: shirika moja linataka kalenda, mchapaji anataka kitabu cha shule. Akawa anachelewesha kurasa. Usiku mmoja, kabla ya kupeleka kazi kiwandani, nilichukua ile dawa nyeupe ya kufutia makosa ya taipu, nikafuta S.L.P. Kisha nikaona sahihi peke yake imekaa vibaya, nikaifuta nayo. Hakuniuliza. Nami kwa miaka 25 niliamini hakuona.

Yule mzee wa chai alinieleza jambo lingine wakati natia kurasa ndani ya bahasha. Wachoraji, akasema, hawakuwa wajinga. Waliofutiwa pembeni walihamia ndani ya picha. Ukitazama kibao cha duka la nyama nyuma ya shujaa, au maandishi ya wahuni ukutani, au namba ya gari, utakuta mtu amejiandika. Rangi nyeupe haifiki huko, maana ukifuta kibao cha duka umeharibu mtaa.

Dundee, mji wa Beano, nilikwenda peke yangu. Binti alisema ametosheka. Gari moshi kutoka King's Cross huchukua kama saa sita, na mwisho wake huvuka mto Tay juu ya daraja refu lisilo na haraka. Kaa upande wa kulia. Utaona vichwa vya nguzo vimejipanga majini sambamba nawe: ni masalio ya daraja la kwanza, lililoanguka usiku wa dhoruba tarehe 28 Desemba 1879 pamoja na gari moshi na wote waliokuwamo. Abiria wenzangu hawakuinua macho kutoka kwenye simu.

Mji huu uliishi kwa juti, jemu na magazeti. Juti ilitoka Bengal, ikalainishwa kwa mafuta ya nyangumi, ikafumwa magunia. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kando ya mkonge, kwa hiyo jumba la makumbusho ya viwanda lilinishika nusu siku. Wafanyakazi wengi walikuwa wanawake, wenye sauti kubwa kwa sababu ya kelele za mitambo, na wanaume wengi walibaki nyumbani kuchemsha birika. Sikushangaa tena kwamba Minnie, msichana anayepiga wavulana, alitoka kwenye jarida la mji huu.

Viwanda vimekwisha, wachapishaji D. C. Thomson bado wapo, na makao yao ya zamani ya mawe mekundu pale Meadowside. Hapa ndipo ilipotoka Dandy, Desemba 1937, na Beano, Julai 1938. Kuna wakati kila moja iliuza karibu nakala milioni 2 kwa wiki. Dandy ya karatasi iliaga Desemba 2012, ikiwa imeshuka chini ya 8,000. Beano bado inatoka. Kutoka hapa hapa, tangu 1961, hutoka pia Commando, vijitabu vya vita vya kutia mfukoni. Mjomba wangu wa reli aliniletea rundo lake kutoka Mombasa, vimekwishasomwa na nusu ya mji. Neno langu la kwanza la Kijerumani nililisoma humo, na lilikuwa amri ya kusimama. Babu yangu alipigana Burma akiwa askari wa KAR. Nilimtafuta katika rundo lile lote, vita vya msituni, vita vya jangwani, sikumwona yeye wala anayefanana naye. Na katika nakala ya ukumbusho ya Beano ya kwanza, niliyoinunua pale mjini, jalada lina mbuni, ndege wetu, na juu kando ya jina la jarida, mtoto mweusi mwenye midomo ya kuchekwa anakula tikiti maji. Walimwondoa baadaye. Mwenye duka aliniona nimeduwaa, akaanza kuomba radhi. Nikamwambia hakuichora yeye. Aliyeichora hatumjui, nikaongeza, akacheka kwa wasiwasi.

Katikati ya mji, Desperate Dan wa Dandy anatembea, wa shaba, kifua mbele, mbwa wake nyuma, na Minnie kwa mbali amemlenga kwa manati. Watoto walikuwa wamepanda juu ya viatu vyake. Dan alichorwa na Dudley Watkins, mmoja wa wachache walioruhusiwa na kampuni kutia sahihi baada ya Vita vya Pili. Alifariki mwaka 1969 akiwa kwenye meza yake ya kuchorea. Mtaa mmoja hapo karibu umepewa jina la Bash Street, na kibao chake ni kibao halisi cha mtaa. Nilisimama chini yake nikisoma, nikitafuta kama kuna maandishi mengine madogo. Hapakuwa na kitu.

Niliporudi Dar nililitoa sanduku la bati chini ya kitanda. Matoleo yetu yameliwa na mende kidogo, lakini yako yote. Nikatafuta lile nililolifuta, halafu lililofuata. Ukurasa wa tatu, mama yuko jikoni anasonga ugali, kanga imefungwa kiunoni, na mchoraji ameichora kwa bidii, pindo na mji, hadi lile jina la kanga linaloandikwa chini. Siku ile nilipoihariri nililisoma kama methali, au sikulisoma. Nikavaa miwani. Palikuwa na majina yake yote matatu, la ukoo mwisho, na baada ya mkato, Muheza.

Nikafungua toleo lililofuata. Mwanamke sokoni. Kanga.